Maji ya Pwani kwenye Mitambuu

Kile kisima, Mungu awarehemu waliokichimba, hakikuwa na ukuta. Kilikuwa na mdomo wa mawe ulioinuka kiasi cha kifundo cha mguu, basi. Kila alfajiri mzee Taib alisimama juu ya mawe hayo, akainama na kuvuta maji ya mitambuu yake. Na kila alfajiri mkewe, Mwanakuu, alisimama nyuma ya dirisha, roho mkononi, akisikiliza kamba. Kamba ikisita, naye pumzi ilisita.

Shamba lao lilikuwa upande wa Makupa, huko kisiwani ambako nyumba zilikuwa bado hazijayameza mashamba. Na mtambuu, ule wa majani ya kutafuna, kama hujui, ni mmea wa deko. Wataka kivuli, wataka maji asubuhi na jioni, na ukikosa siku moja wanuna. Vita vya Wazungu vilipochacha, majani ya kutoka ng'ambo yakaadimika, na Badruddin, muuza tambuu wa Bondeni, akawa achukua kila jani analoletewa. Basi Taib, badala ya kupumzika kama wazee wenziwe, akaongeza safu mpaka ua wa nyuma. Mtu wa miaka sabini! Na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi. Siku moja kikombe cha kahawa kilimponyoka, akasema kilikuwa cha moto. Kikombe kilikuwa kitupu.

Mwanakuu alitaka apunguze. Abakishe safu za mlangoni tu, zinazotosha tambuu zao na za majirani, zilizobaki azikate. Lakini alimwambiaje? Kwa mzaha, maana hiyo ndiyo lugha waliyozoeana tangu arusi yao. Alimwita kijana wangu, akamuuliza kazi yote hii ni ya kumposa nani. Taib akicheka, akichukua ndoo. Na Mwanakuu huyo huyo, akipeleka majani sokoni Marikiti, alijisifu mbele ya wanawake wenziwe kwamba mumewe hajui uzee, avuta maji kama barobaro. Hofu yake hakumtajia hata mmoja. Mficha uchi hazai, lakini nani amwambie?

Halafu likatokea lile la mguu. Asubuhi moja mawe yalikuwa na utelezi, Taib akavuta ndoo, mguu ukamtoka. Alidaka nguzo ya banda la mitambuu lililokuwa kando ya kisima kwa mkono mmoja, mwili wote ukining'inia juu ya shimo, kisha akajirudisha polepole. Jambo la kwanza alilofanya ni kutazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Mwanakuu akainama chini ya dirisha upesi, asimtie aibu. Alikaa sakafuni pale, kanga ameiuma kwa meno, na hofu iliyomwingia siku ile haikumtoka tena.

Ndipo akafanya alilolifanya. Taib alipokwenda msikitini kusali alasiri, Mwanakuu alishuka pwani na mtungi. Aliyemuuliza aliambiwa ni maji ya kukandia miguu, na hakuna aliyeshangaa, kwani vikongwe wote wa mjini hukanda miguu kwa maji ya pwani. Akarudi, akayamimina kwenye mizizi ya safu za nyuma. Kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: safu za nyuma zikifa, ndoo zitapungua, na mumewe hatalaumiwa na mtu wala na nafsi yake. Mungu ametaka, watu watasema.

Majani yakaanza kupiga manjano. Na Taib akafanya nini? Akazidisha maji! Aliona mimea ina kiu. Aliyekuwa akivuta asubuhi na jioni sasa alivuta na adhuhuri, mkono umemvimba, macho yamemwiva. Mwanakuu aliikodolea macho kazi ya mikono yake mwenyewe, na kila ndoo iliyopanda ilikuwa yampiga yeye.

Mwishowe, siku moja, Taib alichutama kwenye safu ya nyuma, akaona udongo umefanya ukoga mweupe. Akauonja. Chumvi. Akaenda kisimani, akaonja na maji, akasema nayo yana chumvi. Hayakuwa nayo, lakini ulimi uliochomwa na chokaa ya tambuu miaka hamsini hauna hukumu, na mtu akishaamini jambo, ulimi humfuata. Akamweleza mkewe kwamba bahari imetoboa njia, kama ilivyoharibu visima vingi kisiwani. Yabidi mtu ashuke akaizibe kwa udongo wa mfinyanzi. Atashuka yeye mwenyewe, kesho, na Gunga mgema, jirani yao, atamshikia kamba.

Ulimi wa Mwanakuu ukawa mzito. Akisema, ataambiwa ameua jasho la mumewe. Akinyamaza, je? Alijipa moyo kwamba Gunga ni mtu wa nguvu, na kwamba huenda asubuhi mzee ataghairi. Ah, binadamu! Aliondoka na kikapu chake kwenda Marikiti, akauza bila kujua anauza nini, na kabla jua halijapanda akakiacha kikapu kwa mwenzake, akarudi mbio.

Penye mdomo wa kisima palikuwa na kanzu iliyokunjwa na kofia juu yake. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mnazi. Gunga hayupo.

Mwanakuu alilala kifudifudi juu ya mawe, akaita. Sauti ya Taib ilitoka mbali chini, ndogo, haikufanana na yake. Alikuwa amechoka kumngoja Gunga. Amefika kwenye maji, na sasa amesimama kwenye vishimo vya miguu vilivyochongwa ubavuni mwa kisima, kamba kiunoni, mkono wa kulia haumsikii. Hawezi kupanda.

"Maji ni matamu, Mwanakuu," akasema. "Huku chini ni matamu. Sijui chumvi yatoka wapi."

"Ni mimi," Mwanakuu akasema. "Nilitia maji ya pwani. Nilitaka zife, usivute tena. Taib, usiiache kamba. Usiiache, nakuomba."

Hakungoja jibu. Akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani, na Gunga, aliyekuwa bado juu ya mnazi wake hapo jirani akigema, akateremka hata panga akaliangusha. Walivuta, mgema mbele na bibi nyuma, viganja vikichunika, mpaka kichwa cheupe kikatokea na mabega yakafuata.

Taib aliketi juu ya udongo, shuka imemgandama, akitetemeka. Gunga alijitenga kidogo, kwa adabu. Mwanakuu alingoja matusi, alingoja talaka, angepokea lolote.

"Ungenambia waogopa," Taib akasema baadaye.

"Nilikwambia upunguze."

"Ulinicheka. Ukaniita kijana." Akafuta maji usoni. "Tangu mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha tu, kila nikiinama pale natoa shahada kwanza, kwa kuwa sijui kama nitainuka. Nami nilitaka kuziacha zile safu. Lakini mke wangu amewaambia watu mumewe hajui uzee. Niliona haya kukufanya mwongo."

Mwanakuu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mzaha haukuja. Miezi mizima yeye ndiye aliyekuwa akimsukuma juu ya mawe yale, kwa maneno ya kuchekesha, naye akidhani anamvuta. Akalia bila kujificha.

"Naogopa, Taib," akasema. "Naogopa kila siku."

"Na mimi."

Wakakubaliana hapo hapo, safu zote zikatwe isipokuwa zile za mlangoni, na Badruddin atafute majani kwingine. Hawakuinuka lakini. Wazee wawili walikaa chini wameshikana mikono, na hata mmoja wao hakuthubutu kusogea karibu na lile shimo. Maji ya kutawadhia adhuhuri aliwatekea Gunga.