Chupa Iliyobaki Juu ya Kabati

Kazini walimwita Hadubini, na jina lenyewe alilitolea jasho. Hakuna mtu aliyewahi kuingia maabara yao na sweta la dukani akasalimika. Utasimamishwa mlangoni, utavuliwa, utavishwa koti la pamba, kisha utapitishiwa utepe wa kunata mabegani kana kwamba una chawa. Hata kwenye harusi za watu yeye alikuwa akilitazama gauni la bibi harusi na kusema moyoni, hili litapukutisha nyuzi mpaka kesho kutwa. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Lakini kazi yake ilikuwa kutafuta ndani ya maji plastiki ndogo isiyoonekana kwa macho, na uzi mmoja kutoka kwenye nguo yako unatosha kukuharibia kazi ya mwezi mzima.

Siku yalipoletwa maji ya ziwa la mlimani, utani wote uliisha.

Ziwa hilo liko juu kabisa, mahali ambapo hata miti imekata tamaa. Hakuna nyumba, hakuna barabara, hakuna duka. Kuna mawe, upepo, na barafu inayong'ang'ania ukingoni sehemu kubwa ya mwaka. Hadubini alilijua tangu utotoni, kwa sababu baba yake alikuwa ameajiriwa na ofisi ya maji kupanda huko kila mwezi, kupima kina kwenye nguzo ya chuma iliyochorwa mistari, na kushuka na chupa moja ya maji ya kwenda kuchunguzwa mjini. Shule zikifungwa alimchukua binti yake. Walipanda taratibu, baba mbele, mtoto nyuma akilalamika njia nzima.

Wakifika, baba alikuwa na neno lake moja. "Kunywa kwanza, mengine baadaye."

Naye alipiga magoti akachota kwa viganja. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yanauma, na hayakuwa na ladha ya kitu chochote. Alisoma vitabu vingi baadaye, akapata na vyeti vya kutundika ukutani, lakini mtu akimuuliza maji safi ni yapi, kitu cha kwanza kumjia ni ganzi ile ya meno.

Kisha ilikuja zamu ya chupa, na hapo ndipo baba alipokuwa akichekesha. Jitu zima, mikono ya kupasulia kuni, lakini akiishika ile chupa ya kioo utadhani anaogesha kichanga. Aliisuuza kwa maji ya ziwa, akamwaga, akaisuuza tena. Akaijaza pomoni. Akavuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole, akafuta mdomo wa chupa nje na ndani, akapuliza, akafuta tena. "Wasije wakasema huko mjini ziwa letu lina vumbi," alisema. Ndipo akagonga kizibo na kukizungushia nta ya mshumaa.

Sasa maji ya ziwa lile lile yalikuwa mezani kwake, yameletwa na wapandaji wa siku hizi wenye viatu vya bei mbaya. Aliyachuja, akaiweka karatasi ya kichujio chini ya lenzi, na roho ikampasuka. Nyuzi nyekundu, za bluu, nyeusi, na vipande vyenye kingo kama vigae. Alidhani kosa ni lake. Akarudia kazi yote, madirisha yamefungwa, amevaa pamba tupu hadi soksi. Zikatokea tena. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

"Zimebebwa na upepo, zikashuka na theluji," alisema mkuu wa maabara, bwana mpole aliyekaribia kustaafu. "Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kujua zilianza lini. Tungekuwa na maji ya zamani ya huko, hata chupa moja tu, tungekuwa na pa kuanzia."

"Nyumbani tunayo," alisema Hadubini, na hapo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

Ilikuwa chupa ya mwisho. Baba aliishusha akiwa tayari anakohoa, ofisi ya maji ikawa imefunga shughuli zake za mlimani bila hata kumwambia, na mtu wa kuja kuichukua hakuja. Baada ya msiba mama aliipandisha juu ya kabati la vyombo, nta yake haijaguswa, akawa anaifuta vumbi kila asubuhi kabla hata ya kuchemsha chai. Wageni walidhani ni dawa. Mama hakuwahi kuwaeleza vinginevyo.

Jumamosi Hadubini alikwenda kwa mama yake. Alizunguka mbuyu weee, akasifia mapazia, akauliza habari za magoti. Mama alikuwa akikunja nguo kitandani, na alimwacha ajichoshe.

"Haya, sema kilichokuleta," mama alisema mwishowe. "Mapazia hayo una miaka unayaona."

Akasema. Mama aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe.

"Ukishaifungua, maji yatarudi humo?"

"Hayatarudi, mama. Yakishapita kwenye kichujio kazi imekwisha. Yanamwagwa."

"Yanamwagwa."

"Ndiyo, mama."

"Unajua alikuwa akiishusha vipi? Chupa kifuani, wewe mgongoni. Kupanda unapanda kwa miguu yako, kushuka unajifanya umelala." Mama alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Sina kitu kingine alichokishika cha mwisho, mwanangu. Nguo zimekwisha, viatu nimegawa. Hayo maji unayataka ya nini hasa? Usinijibu ya kazini."

Hadubini alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nimeona yalivyo sasa, mama. Machafu. Nataka kuyaona yale tuliyokunywa na baba. Mara moja tu. Nijue kwamba yalikuwa safi kweli, sikuwa naota."

Mama alipanga shuka juu ya nyingine, akazipigapiga zilale sawa. "Basi na mimi nitakuwepo," alisema. "Siwezi kutoa chupa yangu nikaletewa habari za mdomoni."

Jumatatu mama alifika maabara ameipakata chupa, na mlangoni hakupewa heshima yoyote ya uzee. Shali ilivuliwa, koti la pamba likavishwa, utepe ukapita.

"Kwa hiyo mchafu ni mimi," mama alisema.

"Kila mtu anavuliwa, mama. Hata mkuu."

"Ndiyo," alisema mkuu wa maabara kwa unyonge. "Mimi nilivuliwa mpaka tai."

Hadubini aliikwangua nta taratibu, akakivuta kizibo. Mama aligeukia ukutani kizibo kilipotoka, akageuka tena baadaye. Maji yakamiminwa, pampu ikanguruma, na kilichobaki kikawa karatasi nyeupe ya duara, ndogo tu, isiyofunika hata kiganja. Akaifunika kwa kioo, akaisogeza chini ya lenzi.

Nyeupe. Akasogeza. Nyeupe. Akasogeza tena, na moyo wake ulianza kuchangamka, ukaanza hata kuimba. Hakuna nyekundu, hakuna bluu, hakuna kigae. Alikuwa amemaliza zaidi ya nusu ya karatasi alipouona uzi. Wa kijani. Mbele kidogo, mwingine, kijani kile kile. Akaimaliza karatasi yote, zikawa hizo mbili tu.

Alikiondoa kioo cha juu. Aliipasha sindano kwenye taa ya spiriti na kuusogezea uzi wa kwanza, kwa maana pamba ikiguswa na moto huungua, lakini plastiki hujikunja. Uzi ulijikunja kama mdudu.

"Ni plastiki," alisema, na sauti yake haikuwa ya kazini tena. "Hata wakati ule, mama. Hata yale tuliyokunywa."

Mama alisogea bila kuombwa. Aliinama kwenye lenzi, akatafuta jicho la kutumia, akatulia.

"Huu uzi mbona naujua," alisema.

"Mama, hizo zinafanana zote."

"Hazifanani. Nimeufuma mimi. Sufu ilikuwa inamwasha shingoni, analalamika kama mtoto, nikaenda nikamnunulia zile nyuzi za dukani zisizowasha. Kijani cha namna hii walikuwa nacho hao tu. Ni sweta la baba yako."

Hadubini aliuona mkono ule wa sweta ukivutwa mpaka kwenye vidole. Nje na ndani. Akapuliza, akafuta tena. Yeye, anayewavua watu wazima mlangoni, alikuwa ameikumbuka picha ile maisha yake yote na kuipenda, na hakuwahi hata siku moja kuiangalia kwa macho ya kazi yake. Alianza kucheka, machozi yakaingilia kati, akaviacha vyote viwili viendelee.

Mkuu wa maabara alikohoa. "Lakini hizi ni habari njema. Ondoa za kijani, na maji ni safi kabisa. Tukiwa na hilo sweta tukalilinganisha..."

"Liliisha," alisema mama. "Nikalifanya tambara la kudekia."

"Basi tuandike tu kwamba..."

"Hatuandiki," alisema Hadubini akijifuta uso kwa mkono wa koti. "Mtu mwingine angeniletea hadithi hii ningemfukuza. Chupa imechafuliwa wakati wa kuchota, haifai. Iandike hivyo, mkuu."

Iliuma kusema hivyo, tena iliuma sana, maana baba yake ndiye aliyekuwa anaandikwa kuwa kaichafua. Lakini karatasi alikwisha kuiona. Ile nyeupe yote, kutoka ukingo mpaka ukingo, ilikuwa ndiyo maji aliyokunywa kwa viganja. Hakuhitaji mtu mwingine aiamini.

Ulibaki uzi wa pili. Utaratibu wao hauna mjadala, kila uzi unaotiliwa shaka lazima uguswe kwa sindano, na utaratibu huo aliuandika yeye mwenyewe. Akaipasha sindano mpaka ncha ikawa nyekundu.

Mama hakuondoka kwenye lenzi.

"Wote umetuvua mlangoni," mama alisema. "Mimi, mkuu wako, wote. Baba yako kaingia na sweta lake."

Hadubini aliiweka sindano chini, akaizima taa ya spiriti.