Jibini Nyeupe na Jibini ya Njano

Friji ya nyumba ile ilikuwa imegawanywa kama shamba la marehemu. Rafu ya juu ilikuwa ya Mama Pazia, na hapo lilikaa bakuli la jibini nyeupe ya maziwa yaliyoenguliwa malai, laini na baridi, isiyo na mafuta ya kutosha hata kulainisha bawaba ya mlango. Rafu ya chini ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na hapo lilikaa pande la jibini ya njano, ngumu na kali, yenye harufu ya kukupokea kabla hujafungua mlango vizuri. Rafu ya kati ilikuwa tupu. Huo ndio uliokuwa mpaka, na hakuna kati ya wanawake wale wawili ambaye angekubali kuweka hata nyanya pale.

Chanzo kilikuwa goti la Fundi. Mume wa Mama Pazia alikuwa fundi wa vigae, tena si wa kubabaisha. Sakafu aliyoiweka yeye ungeimwagia maji yakaenda yenyewe kwenye tundu bila kuuliza njia. Lakini kazi ile hufanywa kwa kupiga magoti, na goti lake la kulia lilisagika mpaka likawa linalia kila akisimama. Akakaa kitini. Akanenepa. Na kwa kuwa kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa sakafu ya kiwanda cha jibini, ambako kila jioni walimfungia vipande vilivyokatika vibaya apeleke nyumbani, mdomo wake ulikuwa umeshazoea raha ambayo tumbo halikuiweza.

Daktari wa upasuaji alisema goti litabadilishwa, na siku ikapangwa, ila kwa sharti: mgonjwa apungue kwanza. Asipopungua, nafasi yake anapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya mwaka na zaidi.

Sasa tuseme ukweli ambao Mama Pazia hakumwambia mtu. Hakuwa analilia goti la mumewe. Alikuwa analilia mgongo wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyemwinua Fundi kitini, mikono chini ya makwapa, kumpeleka msalani, kumrudisha, kumlaza, kumwamsha. Mchana alishinda amejikunja kwenye cherehani katika karakana ya mapazia, na alipojinyoosha, uti wa mgongo ulimchoma mpaka machozi yakamlenga. Na lile jitu zima lilikuwa likimwangushia uzito wote, mikono inaning'inia, halijitingishi hata kidogo. Goti likitengenezwa, ataamka mwenyewe. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na yeyote aliyelizuia alikuwa adui yake.

Adui alikuwamo ndani ya nyumba. Wifi alikuja kumsaidia mdogo wake kwa wiki mbili, akanogewa, akakaa. Maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa mwiko mrefu na masufuria ya kuingia mtu, na kwake yeye mgonjwa akipunguziwa chakula ameonewa. Walikwenda wote wawili kwa mtaalamu wa lishe wa hospitali, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake aende peke yake akarudi na maneno. Yule mama aliwaambia kwamba jibini haijakatazwa. Wachague. Ama ile nyeupe isiyo na malai, ambayo kalori zake ni chache na mtu anaweza kujipakulia vijiko viwili vitatu bila kujuta. Ama ile ya njano, iliyokolea, lakini kipande kiwe kama kiberiti kwa ukubwa, mara moja kwa siku, kikwaruzwe kiwe unga ili kienee juu ya chakula. Moja kati ya hizo, akasema. Akarudia: moja.

Mama Pazia akachagua nyeupe. Wifi akachagua ya njano. Kila mmoja alirudi nyumbani akiamini mwenzake hakusikia vizuri.

Hata hivyo walikuwa bado wanasemezana, mpaka siku Wifi alipoionja ile nyeupe. Aliiweka ulimini, akaizungusha, akamgeukia mdogo wake na kumuuliza, kwa upole wa uongo, kama hii si ile saruji nyeupe ya kujazia katikati ya vigae. Neno lenyewe Mama Pazia angelimeza. Alishameza makubwa zaidi kutoka kwa ndugu wa mume. Ila Fundi alicheka. Alicheka mpaka tumbo likatikisika na kiti kikalalamika, na mdomoni bado alikuwa na jibini ileile ambayo mkewe aliamka alfajiri kuichuja kwa kitambaa. Tangu siku hiyo wanawake wale hawakusemeshana tena.

Walinuniana kisawasawa. Wangesimama bega kwa bega jikoni na maneno yao yakazungukia sebuleni, kwenye kiti cha Fundi. Mwambie dada yako sufuria yake inaungua. Mwambie mkeo mimi si kipofu. Fundi alipokea na kupeleka, akapokea na kupeleka, uso umetulia kabisa. Mtu mwingine angeumwa kichwa. Yeye alikuwa anazidi kung'aa mashavu.

Mama Pazia alimpa kifungua kinywa mapema: mkate mweusi, jibini nyeupe vijiko viwili, nyanya. Alimsubiri amalize, akaosha sahani, akaikausha, akairudisha kabatini, ndipo akaenda karakana, na Wifi alikuwa bado hajaamka. Jioni aliporudi alimkuta Wifi ametoka kwenda kunyoosha miguu na jiko linang'aa, hakuna hata chembe ya mkate. Wote wawili walifanya usafi kwa chuki. Hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake hata kijiko kichafu cha kusemea. Mama Pazia akiuliza kama dada mtu amempa chakula cha jioni, Fundi alitikisa kichwa kinyonge na kusema tangu mchana yeye ni maji tu. Basi moyo ulimwaka Mama Pazia. Alimlaani wifi yake kimoyomoyo, akafunga kitenge kiunoni, akaingia jikoni na mgongo wake unaouma, akapika.

Lakini lile pande la njano kule chini lilikuwa linapungua. Aliliona kila siku alipofungua friji kuchukua bakuli lake. Alipomuuliza Fundi, alijibiwa kwamba dada anakula mwenyewe, si unamjua, mpishi hashibi. Mama Pazia hakuamini. Aliona wazi kwamba Wifi anamsindilia mumewe mapande ya mafuta nyuma ya mgongo wake, kwa makusudi, ili operesheni ishindikane na yeye, Wifi, apate sababu ya kukaa milele. Na kila alipomwinua Fundi, mikono yake ilimwambia kwamba mzigo unaongezeka. Fundi alisema ni maji mwilini.

Siku ya kupimwa walikwenda kwa teksi, Fundi mbele, wao wawili nyuma, kila mmoja amegeukia dirisha lake. Mizani haikuwa na haya. Fundi alikuwa mzito kuliko siku ya kwanza.

Mama wa lishe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza wamefanya nini. Hapo damu ikampanda Mama Pazia. Hakumtazama wifi yake. Alisema yeye amefuata kila alichoambiwa, hakuzidisha hata kijiko, lakini nyumbani kwake kuna mtu ana pande la jibini ya njano na mkono usiojua kupima, mtu aliyezoea kulisha mabweni, na Fundi akibaki kilema, basi watu wajue nani kamlemaza.

Wifi naye alizungumza na ukuta. Alisema yeye hupima kipande kimoja tu, akatoa kiberiti kitupu kwenye mkoba na kukibwaga mezani kama shahidi. Humkwaruzia juu ya yai kila asubuhi, na jioni humpa supu ya mboga isiyo na mafuta. Na asingejisumbua hata hivyo, isipokuwa kuna mwanamke anaondoka asubuhi akimwachia mume wake chai kavu, na jioni anarudi anajitupa kitandani.

"Chai kavu?" alisema Mama Pazia, na alikuwa ameshamgeukia kabla hajakumbuka kwamba hawaongei.

Mama wa lishe aliinua mkono. "Ngojeni kwanza. Asubuhi nani anampa chakula?"

"Mimi," wakasema wote wawili.

"Na jioni?"

"Mimi."

Hapo wote watatu wakamwangalia Fundi. Fundi alikuwa ameinama, anachunguza sakafu.

"Hiki kigae," alisema, "kimewekwa vibaya."

Hakuna aliyecheka. Yakatoka yote, moja baada ya jingine, kila mwanamke akisema lake kwa mama wa lishe na mwingine akisikia: kifungua kinywa mara mbili, chakula cha jioni mara mbili, jibini nyeupe na jibini ya njano juu yake. Kila mmoja alikuwa amepima kwa uaminifu, na kila mmoja alikuwa ameaminishwa kwamba mwenzake hana huruma. Daktari wa upasuaji hakutaka maelezo. Kabla hawajafika mlangoni, Mama Pazia alimsikia muuguzi akimpigia simu mgonjwa mwingine kumwambia nafasi imepatikana.

Nyumbani alimtoa Fundi kwenye teksi kwa mazoea, mikono chini ya makwapa. Mgongo ukamchoma. Mwaka mzima tena, alifikiri. Akamweka kitini bila kumwekea mto, akaenda jikoni. Wifi akamfuata.

Walisimama wakitazamana. Mama Pazia alijua kwamba angeuliza swali moja tu, siku moja tu, mchezo wote ungekwisha. Na kulijua hilo hakukumfanya ampende wifi yake. Kulimzidishia hasira.

"Ungeniuliza," alisema.

"Na wewe ungeniuliza."

"Uliita jibini yangu saruji."

"Ilikuwa saruji," Wifi akasema. Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza kwamba bado ni saruji.

Mama Pazia alifungua friji. Akatoa pande la njano, akatoa bakuli la nyeupe, akaviweka vyote mezani pamoja na kisu na mkate. Akavuta stuli, akakaa, akakata kipande kinene bila kupima. Muda wote huo wa kumpimia mumewe hakuwa amejiruhusu hata kulamba kisu, kwa kuona aibu kula kitu ambacho mgonjwa anahesabiwa. Jibini ilimyeyukia mdomoni, chumvi na ukali na mafuta, na ilikuwa tamu kiasi kwamba alikasirika upya. Wifi alikaa upande wa pili. Alinyunyizia pilipili manga kwenye ile nyeupe, akaonja. Halafu akachota tena.

Kutoka sebuleni Fundi aliita. "Mke wangu. Njoo uniinue."

Hakuna aliyeinuka. Akaita dada yake. Wifi alikuwa anapaka jibini kwenye mkate, anaisambaza mpaka pembeni.

"Jamani, mnakula nini huko?"

Kisha kiti kikalia. Kisha wakasikia mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburutwa, na kiganja kikipapasa ukuta. Mama Pazia aliacha kutafuna. Mikono yake ilitaka kwenda kumshika, imezoea, na ilibidi aikalie. Mguu ukakanyaga, mguu ukaburutwa, mpaka Fundi akatokea mlangoni, ameng'ang'ania fremu, jasho linamtoka, uso umekunjika kwa maumivu ambayo hayakuwa ya uongo. Alitweta. Macho yalikuwa mezani.

"Nilikuwa na njaa," alisema. "Nanyi mlikuwa hamsemezani. Mimi ningefanyaje?"

Mama Pazia alikuwa anaangalia nyuma ya mumewe, njia aliyopita: kutoka kitini, kuzunguka meza ya sebule, korido yote, ngazi moja ya kushuka jikoni. Njia nzima, peke yake. Ametembea kwa ajili ya jibini, alifikiri. Kwa ajili ya mgongo wangu hakuwahi hata kujaribu. Ikamuuma kuliko mizani, kuliko nafasi iliyopotea, kuliko kicheko kile cha saruji.

"Choo kiko karibu kuliko jiko," alimwambia.

Fundi alimgeukia dada yake, kama alivyozoea, amtafutie neno la kumpelekea mkewe. Wifi, aliyembeba mgongoni tangu utotoni, alilivuta pande la njano upande wake wa meza.

Mama Pazia alijishika kiuno, akajikatia kipande kingine, akala.