Goti Kifuani

Babu wa kitanda namba tisa alimtandika Kasi usoni kwa chuma cha kutundikia dripu. Nilisikia mfupa wa pua ukivunjika kabla sijaingia wodini, na damu ikaruka hadi kwenye shuka la jirani. Babu mwenyewe alikuwa na miaka themanini na mmoja, fundi bomba mstaafu, lakini ng'ombe hazeeki maini.

"Wezi! Mnaniua!" alipiga kelele, akamng'ata nesi mkono.

Kasi alikuwa daktari mwanagenzi chini yangu. Tulimbandika jina hilo kwa kuwa alifanya kila kitu mbiombio, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa namsifu kwa hilo mbele ya wenzake. Alimkumba babu, akambwaga kitandani na kumpigia goti kifuani, huku wenzake wawili wakimfunga mikono kwa bandeji. Nikasikia ta! Kisha ta! nyingine.

"Toka juu yake, mshenzi wewe!" Nilimvuta kwa ukosi hadi vifungo vya koti vikakatika.

"Amechanganyikiwa, daktari. Uzee huo. Nimchome ya usingizi?"

"Umemshika tumbo?"

Akatikisa kichwa. Miezi mitatu nilikuwa nawaimbia wimbo mmoja: mzee aliyekuwa na akili zake jana, leo akageuka simba, kuna kitu kinamtesa, kitafuteni. Niliweka kiganja chini ya kitovu. Pagumu kama tikiti. Mkojo ulikuwa umeziba.

Tukaweka mpira wa mkojo, ikatoka lita moja na nusu. Baada ya nusu saa babu alitulia, akamtazama Kasi.

"Mwanangu, nani kakufanya hivyo?"

"Nimeanguka, babu."

"Pole. Uwe unaangalia unakokwenda."

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi za babu, fupifupi, za mtu anayeogopa kukohoa. Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika. Makohozi yakaganda kifuani, nimonia ikaingia, na siku ya tano, saa nne asubuhi, akakata roho tukiwa tumemzunguka.

Mkuu wa idara aliniambia niandike nimonia, basi, yaishe. Nilikataa. Nilimwita binti wa marehemu ofisini, nikamsimamisha Kasi mbele yake na kumwambia aseme mwenyewe. Alisema yote, hata goti.

Yule mama alimsikiliza bila kupepesa macho.

"Alfajiri ya siku mliyomfunga nilikwambia baba hajakojoa tangu jana. Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu wazee ndivyo walivyo, mama."

Alimzaba kofi, Kasi akayumba hadi ukutani. Akamfuata, akampiga tena, na tena, kwa ngumi sasa, huku akilia. Kasi hakujikinga. Nami, mwalimu wake, nilikuwa hatua moja tu kutoka hapo, nikamwacha ampige.