Sare Haina Sura

Saa mbili asubuhi Kasimiri alikuwa uani kwao Kinyerezi, anapiga pasi ya mkaa shati lake la kaki. Akanyoosha kola, akapuliza majivu, akavaa. Alipofunga kifungo cha juu kabisa, uso ukajifuta. Macho, pua, mdomo, vyote vikazama, ikabaki ngozi laini kama kisahani. Mama yake akalalamika kwamba chai ilikuwa tayari, si angesubiri kidogo.

Ndo ilivyokuwaga kwa vijana wote tisa wa kikosi cha ulinzi cha mtaa. Afande Revelian aliwaambia mapema, siku ya kugawa mashati: ukivaa sare hakuna Kasimiri, hakuna Valerian, kuna kikosi. Kuona walikuwa wanaona. Kuongea ndo hawawezi, na kazi yenyewe haikuwa ya maneno.

Saa tano wakatumwa kuondoa wauza matunda barabarani. Suleiman, mshikaji wa Kasimiri tangu darasa la pili, akachelewa kukunja turubai lake la matunda. Wakamlaza. Rungu la kwanza likatoa meno mawili, yakaangukia kwenye mananasi. La pili na la tatu yakamaliza mikono. Walipiga kwa zamu, taratibu, kama watu wanaotwanga, na matikiti yakapasuka naye mpaka wekundu wote ukawa mmoja. Zamu ya Kasimiri ilipofika, Suleiman akaona rungu limeshikwa kwa kushoto, mkono wa Kasimiri tangu shule.

"Kasi," akasema. "Mie huyu, mwanangu."

Kasimiri akapiga palepale jina lilipotokea. Taya likalia kama muwa.

Siku ya tatu Nusaiba, dada mkubwa wa Suleiman, akaja ofisi ya mtaa. Mdogo wake hasemi, hashiki kalamu. Pole alizopewa alizikataa. Alitaka mtu. Mama Adelina, mtendaji, akawapanga vijana mstarini juani, akamwambia achague. Nusaiba akapita mbele ya visahani tisa. Akarudi tena. Kasimiri jina lake lilikuwa limemjaa kooni, halina pa kutokea. Akafungua kifungo, akavua shati. Uso ukarudi, umelowa.

"Shikamoo dada. Ni mie."

Nusaiba akamnyooshea kidole. Akamwambia mtendaji amwandike huyo. Mama Adelina akafungua faili, akasoma kwa kidole.

"Hapa inasema aliyepiga alikuwa na sare. Wewe huna."

"Nimeivua sasa hivi, mama."

"Basi wewe raia. Raia hakai kwenye gwaride."

Afande Revelian akachukua shati, akalikunja vizuri, maana ni mali ya kikosi. Kisha akawaonyesha vijana Kasimiri kwa kidevu. Wale wanane wakamburuta raia nyuma ya ofisi. Kasimiri akamtafuta Valerian, aliyelala kwao mwezi mzima, amwombe wapige miguu tu. Hakumjua ni yupi. Mbavu zikaanza kuvunjika upande wa kulia, baadaye sikio likachanika, baadaye hakusikia tena vizuri. Nusaiba yeye alisikia mbavu zote, amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

Wanane wakarudi mstarini, vifua vinapanda na kushuka. Mama Adelina akasogeza kiti chake kivulini, akamwambia Nusaiba aendelee kuchagua.