Likizidi, Lilete

Ufundi wa magari hauchoshi mikono, unachosha masikio. Hakuna mteja anayekuja kusema tu kwamba gari lake ni bovu. Wote wanakuja kunililia kama magari yao. Juzi mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mzima na tai yake shingoni, alisimama katikati ya gereji akafanya, "Nyiii-kakaka-tu!" Akarudia huku akizungusha usukani wa hewani, eti mlio unazidi akikata kona.

Nikaliwasha gari. Limetulia kama maji mtungini. Tukazunguka nalo mtaa mzima, wapi! Gari likimwona fundi hujifanya zima.

"Liendeshe tu, mwalimu," nikamwambia kama ninavyowaambia wote. "Likizidi, lilete."

Leo mke wangu, aliyechoka kulala na kifua changu, kanikokota hadi zahanati. Daktari akauliza nina shida gani.

"Nikilala, kifua kinafanya hivi," nikasema, nikajaza pumzi. "Khiii-gororo-pu!" Kisha nikamgeuzia ubavu, nikamfanyia na mlio wa upande wa kushoto.

Daktari akanitazama kwa macho yaliyochoka. Macho yale nayajua, ni yangu. Akasikiliza kifuani, akasikiliza mgongoni. Kifua kimya, mnafiki mkubwa huyu!

Nje, mke wangu akainuka kwenye benchi. "Baba watoto, kasemaje?"

"Kasema nikiendeshe tu," nikamjibu. "Kikizidi, nikilete."