Kambi Alizochagua Janelle

Kuna watu wana mkono wa kupika, wengine wana mkono wa kuotesha maua. Janelle Haugen alikuwa na jicho la kambi. Huku kwetu mashariki mwa Oregon, kiangazi kikifika kila familia hupakia gari na kwenda kulala nje, na wengi hulala vibaya: kando ya jenereta la jirani, au upande ambao upepo unatoka chooni. Janelle hakuwahi kulala vibaya. Alijua kiwanja kipi kitapata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Alijua ni barabara ipi ya kokoto ambayo, ukiivumilia kidogo baada ya wavivu kugeuza, itakufikisha mahali pazuri kuliko pale matajiri wanapolipia umeme na bwawa la kuogelea. Jicho hilo alilirithi kwa mama yake, Norma, aliyezoea kusema kwamba milima haikuumbwa kwa ajili ya wenye hela, ila wenye hela ndio huwahi kuweka nafasi.

Norma alishafariki. Mumewe, Merle, aliyekuwa dereva wa malori ya magogo, alibaki peke yake katika mji mdogo wa Harlow, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Kisha nyonga ikamsumbua, akapasuliwa, akapona, lakini akawa mtu wa kukaa barazani na kubishana na redio.

Watoto wake wawili waliishi Boise, ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Janelle, mkubwa, alikuwa mpishi wa shule. Curtis, mdogo wake, aliuza bima. Hawakuwa wagomvi, ila hawakutafutana. Ndiyo maana Janelle alishangaa Curtis alipompigia simu mwezi wa saba.

"Dada, shule zimefungwa, sivyo? Mchukue Mzee umtembeze. Kuta za ile nyumba zinammaliza."

"Wewe Curtis? Umekumbuka kuwa una baba?"

"Nitanie tu. Petroli na kila kitu juu yangu. Wewe chagua zile kambi zako, unazozijua wewe. Bei nafuu, mandhari safi, kule ndani ndani ambako simu hazishiki. Apumzike kweli kweli."

Janelle alikata simu macho yamemlowa. Aliwaambia wenzake wa jikoni kwamba utu uzima umemfikia mdogo wake hatimaye.

Akapanga safari kama mtu anayepanga harusi. Waliondoka Harlow mwanzoni mwa mwezi wa nane, wakiwa na pikapu ya Merle ikivuta trela lake dogo la kulala, lenye vitanda viwili na jiko la gesi. Merle alikataa kumwachia mtu usukani hadi walipovuka mpaka.

Kambi ya kwanza ilikuwa juu ya mto Payette, kwenye misonobari mirefu, hatua chache kutoka chemchemi ya maji moto. Hakukuwa na mlinzi, ila sanduku la chuma la kutumbukiza ada, na kwa kadi ya wazee Merle alilipa nusu.

"Nusu ya nini?" alifoka. "Mto kaufanya Mungu, miti imejiotea yenyewe. Namlipa nani?"

"Choo ni cha serikali, Baba."

"Basi nitajizuia."

Alikwenda kukaa kwenye maji moto hadi shingoni, na alipotoka alitembea bila mkongojo kurudi kwenye trela. Janelle alimwona, akageuka kando akajifanya anatafuta chumvi.

Walihama siku baada ya siku, wakipanda polepole. Moto ulikuwa marufuku mwaka huo kwa sababu ya ukame, na Merle alilalamika kila jioni kwamba kambi bila moto ni kulala nje kama mbwa. Lakini alivua samaki, akawakaanga kwa unga wa mahindi juu ya jiko la gesi, akala hadi mifupa. Alisimulia habari za Norma ambazo Janelle hakuwahi kuzisikia: jinsi alivyomfukuza dubu kwa sufuria, jinsi alivyomnunia kwa wiki nzima kwa sababu Merle alisimika hema juu ya kichuguu.

Mahali Janelle alipojivunia zaidi palikuwa ziwa dogo chini ya milima ya Sawtooth. Ili kulifikia, uliyapita kwanza magari makubwa ya kulala, marefu kama mabasi, yaliyopangwa kando ya lami huku madirisha yakimulika televisheni.

"Tazama hao," Merle alisema. "Wametoka sebuleni wakaendesha siku mbili kuja sebuleni."

Wao walipinda kwenye kokoto, trela likarukaruka, na mwisho wa njia palikuwa na viwanja vitano tu, vinne vitupu. Milima ilisimama ndani ya maji kichwa chini. Merle alishuka, akashika kiuno.

"Mama yako alikuleta hapa?"

"Hapana. Hapa nimepatafuta mwenyewe."

"Basi umempita," alisema. Kwa Merle, hakuna sifa iliyozidi hiyo.

Kila walipofika kwenye kijiji chenye minara ya simu, ujumbe wa Curtis uliingia. Mko wapi? Anaendeleaje? Msiharakishe. Ongezeni siku, Dada, kiangazi ni kifupi. Janelle alimsomea baba yake, na Merle akatikisa kichwa akisema kijana ameokoka au ameoa tena. Wakaongeza siku. Wakaongeza nyingine.

Barafu ya kuhifadhia chakula ilipowaishia walishuka hadi mji mdogo kando ya mto Salmon. Janelle aliingia dukani. Merle alibaki nje kwenye kivuli, na simu yake, iliyokuwa bubu kwa siku kadhaa, ikaanza kutetemeka mfukoni. Alikuwa Opal Ridley, jirani yake wa Harlow, mjane, mtu aliyeazimana naye sukari na matusi kwa miaka mingi. Merle husikia kwa shida, kwa hiyo huweka sauti juu, na Janelle alipotoka na mifuko ya barafu alikuta sauti ya Opal imeenea uwanjani.

"...hata kuniaga, Merle? Nilidhani sisi ni majirani!"

"Kukuaga nini? Niko matembezini, mama wewe, si kaburini."

"Usinifanye mjinga. Vijana wanatoa vitu tangu asubuhi. Kabati la Norma limepita hapa mbele yangu, mlango mmoja umeng'oka. Na kile kibao cha kuuza nyumba kimebandikwa kwamba imeuzwa."

Merle akaitazama simu kama kitu kilichomwuma.

"Merle? Upo?"

"Nipo," alisema. "Kibao gani?"

Opal akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Yesu wangu. Hujui."

Janelle aliweka barafu chini, akampigia mdogo wake palepale, naye akaweka sauti juu ili baba yake asikie. Curtis alipokea upesi, na kwa jinsi alivyopumua kabla ya kusema lolote, Janelle alijua ni kweli.

"Dada, nilitaka tuongee mkirudi. Kwa utulivu."

"Umeuza nyumba ya Baba?"

"Ana ngazi kumi na nne mle ndani! Mmoja wetu angemkuta siku moja chini yake, shingo imevunjika. Nina mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, alinipa mwenyewe wakati wa upasuaji. Hela yote iko benki kwa jina lake. Nimempatia chumba kwenye makao ya wazee, pazuri, kuna bustani. Mnunuzi alitaka nyumba tupu kabla mwezi haujaisha. Ningefanyaje?"

"Na mimi ukanituma nimtoe kama mbuzi."

"Nilikuomba umtembeze baba yako. Hukufurahi? Yeye hakufurahi?"

Merle alinyoosha mkono, akachukua simu. Hakupaza sauti.

"Curtis. Ungeniambia, ningekutukana wiki nzima. Ningevunja sahani mbili tatu. Halafu ningehama, kwa sababu ngazi zinaniuma na mimi nazijua kuliko wewe. Wiki moja tu ya kunivumilia, mwanangu. Ikakushinda?"

Curtis alianza kusema kitu. Merle alimrudishia Janelle simu, akapanda pikapu upande wa abiria. Barafu waliiacha uwanjani.

Walikwenda mwendo mrefu, mto ukiteremka kushoto kwao. Hewa ilikuwa imejaa moshi wa misitu inayowaka mbali, na jua lilikuwa jekundu kama chungwa lililooza. Ndipo Merle akauliza, bila kugeuka.

"Ulijua?"

"Baba! Nisingeweza."

"Nauliza tu."

"Sikujua. Naapa kwa Mama."

"Mwache Mama yako alale." Alifikiri. "Kila mahali ulipochagua, simu haikushika. Kila mahali, Janelle. Nilikuwa nasema moyoni, huyu binti ana jicho."

Janelle alisimamisha gari kando ya barabara. Alitaka kumweleza kwamba mahali pazuri ndivyo palivyo, kwamba ukitaka mto usikike lazima uiache minara nyuma. Alitaka kumkumbusha ziwa. Lakini kila neno alilolitafuta lilifanana na maneno ya mtu aliyepanga. Alilia juu ya usukani, na baba yake akangoja amalize, kwa adabu, kama mtu anavyongoja treni ipite.

Walifika Harlow kesho yake. Curtis alikuwa uani na ufagio, shati limelowa, peke yake. Vijana wa mizigo walikuwa wameshaondoka. Lazima isemwe kwamba hakukimbia. Alikuja hadi kwenye mlango wa pikapu akaufungua.

"Baba, karibu tukae tuongee."

"Tukae wapi?" Merle aliuliza. "Viti viko wapi?"

Hakuingia ndani. Alichungulia dirisha la jikoni, viganja pande zote mbili za uso, akaona ukuta wenye alama nyeupe mahali kabati lilipokuwa. Aliomba sanduku lake la vifaa vya ufundi tu. Curtis alilileta kutoka gereji, zito, akijikokota nalo, akalipakia mwenyewe. Janelle alitamani amwone mdogo wake kuwa mwizi, ingekuwa rahisi. Lakini hakuwa ameiba hata senti. Alikuwa amemwogopa baba yake tu, kama alivyomwogopa alipokuwa mtoto, na kwa hofu hiyo alimfanyia jambo ambalo hata mwizi angelionea aibu.

Chumba cha makao ya wazee Merle alikikataa. Nyumba ya Janelle, ghorofa ya tatu isiyo na lifti, aliikataa kwa upole. Alipanda upande wa usukani, akaondoka na trela lake.

Vuli yote aliishi barabarani. Kwenye ardhi ya umma unaweza kuegesha bure kwa wiki mbili, kisha lazima uhame, na Merle alihama. Alichagua mwenyewe. Alilala kwenye mashimo ya zamani ya kokoto, nyuma ya mizani ya malori, chini ya nyaya za umeme zilizovuma usiku kucha. Palikuwa pabaya makusudi, ungesema, lakini simu ilishika popote alipokuwa, na kila jioni alimpigia Opal amwulize kama mji bado upo. Janelle alimfuata siku za mapumziko na mchuzi wa maharage na mkate. Mara moja alimwambia kuna mahali pazuri karibu tu, kando ya bwawa, penye miti.

"Hapa panatosha," Merle alisema, lori likipita na kuwafunika vumbi.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Opal alimfuata na gari lake hadi kwenye mizani. Akamgongea dirisha la trela.

"Kokota hili bati lako ulilete uani kwangu, mzee mpumbavu. Nina bomba, nina umeme, na sina mtu wa kugombana naye."

Merle alikwenda. Aliliegesha trela nyuma ya nyumba ya Opal, mlango ukielekea mashambani, ili asione madirisha ya iliyokuwa nyumba yake. Watu waliohamia pale ni vijana wenye watoto mapacha. Huwapungia mkono. Curtis alikuja wakati wa Krismasi, wakanywa kahawa wakiwa wamesimama, wakaongea habari za matairi.

Mwezi wa tano, siku moja ya jua, Janelle alishindwa kuendelea kujizuia. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya trela, wakimenya viazi.

"Baba, unaamini kwamba sikujua?"

Merle hakuacha kumenya. Ngozi ya kiazi iliteremka ndefu bila kukatika, kisha ikakatika.

"Asubuhi naamini," alisema. "Nikiamka, nakuona wewe mtoto ulivyo, nasema haiwezekani. Jua likishaanza kuinama, naanza kuzipitia zile kambi moja moja, na sijui tena."

"Nifanye nini?"

"Hakuna. Si kosa lako. Labda."

Siku hizi Janelle hutoka Boise kungali giza. Humkuta Opal akichemsha kahawa, wakakaa watatu, Merle akatoa utani wake, akamwita binti yake mpishi wa jela, wakacheka. Kwa saa chache huwa baba na mwana kama zamani. Baada ya chakula cha mchana huosha vikombe, humbusu mzee kwenye paji la uso, na kuwasha gari kabla kivuli cha trela hakijageukia upande wa pili. Opal humwambia akae, haraka ya nini, barabara haikimbii. Yeye husema ana kazi kesho yake, hata kama kesho yake ni Jumapili.