Maji Yasiyokaa kwa Mama Fortunatus

Dorika, mama yake Fortunatus, aliporudi kutoka bondeni aliitua ndoo jikoni, akaifunika kwa sinia, akaketi kando yake kuchambua kunde. Alipofunua achote maji ya kupikia, ndoo ilikuwa kavu. Haikuwa imetoboka, wala sakafu haikuwa imelowa. Akajifunga kitenge upya, akateremka tena bondeni, kwa sababu mumewe, Alfredi, alikuwa karibu kurudi kutoka kwenye mikorosho.

Hali hiyo ilianza baada ya hedhi yake kukoma. Kwanza ulikauka mwili, kule ndani. Mkojo ukawa unachoma, na akilala na mumewe aliumia kama anayekwanguliwa, pengine damu ikatoka. Kisha maji nayo yakaanza kukauka kila alipokaa karibu nayo. Dorika aliyachukulia hayo mawili kuwa jambo moja, na hakumwambia mtu. Alfredi alipoingia chumbani na kuvua shati, yeye aligeukia ukutani. Alfredi akazima kibatari.

Kilichomtisha zaidi ni Newala yenyewe. Mahali ambapo maji hupandishwa mlima kichwani, mwanamke anayeyakausha hana usalama. Siku moja aliketi msibani karibu na pipa la maji, pipa likakauka. Waombolezaji walilitazama pipa, kisha wakamtazama yeye.

"Leo pipa," alisema jirani yake, Pili, bila kupaza sauti. "Kesho watoto wetu."

Tangu hapo kila asubuhi kulikuwa na mawe mlangoni pa Dorika, ya ukubwa wa ngumi, yamepangwa vizuri. Alfredi aliyachukua akazibia mashimo ya njia.

Dorika akapanda lori hadi Masasi. Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameanza kufungua maduka ya dawa, na mmoja wao alikuwa Faidha, muuguzi mstaafu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nikusaidie nini?"

Dorika alingoja wateja waishe, akaeleza yote, pamoja na habari za maji. Glasi ya Faidha iliyokuwa mezani ilikauka wakiwa wanazungumza. Faidha akaisogeza kando isije ikaanguka.

"Damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, unapimwa kwanza," alisema. "Huenda ni ukavu tu, huenda ni saratani. Hatubahatishi."

Dorika alipimwa hospitali, akangoja majibu. Saratani haikuwepo. "Ni uzee tu, mama," daktari alisema, akamwandikia cheti cha dawa na kumwita mwingine.

Faidha alimwekea mezani aina mbili. "Hii ni krimu ya homoni, unaisukuma ndani kwa kibomba hiki. Hivi ni vidonge, lakini havimezwi, vinawekwa ukeni. Zote zinarudisha unyevu pale pale palipokauka. Kila siku kwa wiki mbili, baadaye mara mbili kwa wiki. Iko pia pete laini ya kuweka ndani, inakaa miezi mitatu. Hiyo mimi nimeiona kwenye picha tu."

"Iliyo bora ni ipi?"

"Itakayopatana na mwili wako. Anza na krimu."

"Nitajuaje kama inafanya kazi?"

Faidha aliitazama ile glasi. "Maji yatakuambia."

Dorika alinunua ndoo nyeupe ya plastiki inayoonyesha maji kwa nje, akawa anaketi kando yake, kisha anatia alama ya mkaa pale maji yalipobaki. Krimu ilituliza kuchoma upesi, na alama zikapanda hadi nusu ya ndoo. Lakini ilivuja, ikachafua vitenge, na kibomba kilitaka kuoshwa kila mara, kwa maji. Faidha akambadilishia. Vidonge vilichelewa kumtuliza, ila havikuvuja, na siku moja ndoo ilibaki imejaa. Alfredi alipovua shati, Dorika aligeukia ukutani kwa mazoea tu.

Pili aliiona imejaa, akaja na ndoo yake, akaiinamisha. Ilikuwa kavu.

"Yangu pia, Mama Fortunatus. Tangu mwaka juzi. Nikiulizwa nasema nimejikwaa."

"Na yale mawe?"

"Niliogopa watanitazama mimi."

Baada yake alikuja Bibiana, kisha Sijaona, kisha mke wa katekista. Wote walikuwa wakiteremka bondeni mara mbili. Dorika akawapeleka kwa Faidha, akakuta rafu ya dawa ile ni tupu.

"Muuzaji wa jumla ameacha kuileta," Faidha alisema. "Anasema hakuna anayeiuliza."

"Sisi tunaiuliza."

"Mnaninong'oneza mimi. Nako hospitali hamjasema neno."

Wiki hizo alama za mkaa zikaanza kushuka. Wakubwa wa wilaya walipoitisha mkutano wa maji, wanawake walikubaliana kuiomba dawa hadharani, wakaketi pamoja mbele. Jagi la mgeni rasmi lilikauka kabla hajafungua mkutano, akaomba lingine.

"Akina mama," alisema, "semeni. Tatizo hasa ni nini?"

Dorika alisimama. Pili alimvuta kitenge aketi, lakini hakuketi. Aliwatazama wanaume waliomgeukia wote kwa pamoja, Alfredi akiwa katikati yao, mikono yake kifuani.

"Tunaomba pampu," alisema.

Wanaume wakapiga makofi.